Kukloni au kupiga Windows upya? Kubadilisha diski ya laptopu bila kupoteza kazi zako

Mwalimu aliingia dukani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Anafundisha Kiswahili katika sekondari moja kule Tororo. Shida yake aliieleza kwa ufupi: akiiwasha asubuhi anakwenda kuoga, anarudi, anakunywa chai, na kile kiduara bado kinazunguka.

"Nitolee hii diski uniwekee ya kisasa, kijana wangu," akasema. "Ila alama za wanafunzi zote zimo humo. Hizo usiziguse."

"Mwalimu, nisipozigusa hazitahama," nikamwambia. Akacheka, lakini si sana.

Kutoa diski moja na kuweka nyingine ni kazi ya bisibisi na robo saa. Kuhamisha kilichomo ndiko kunakoumiza watu, na ndiko wanakokupita mbio. Mtu atauliza siku tatu anunue SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka) ya aina gani, halafu suala la data analiamua kwa sekunde tatu akiwa amesimama kwenye kaunta. Mimi nitafanya kinyume: la diski nilimalize haraka, la kuhamisha nikae nalo.

Diski tatu zilizo mezani

| | Hadi diski (hard disk) ya kuzunguka | SSD ya SATA (inchi 2.5) | SSD ya NVMe |
|---|---|---|---|
| Kasi ya kusoma kwa sekunde | MB 80 hadi 130 | kama MB 550 | mara nyingi MB 2,000 na kuendelea, ikiwa laptopu inaimudu |
| Inakaa wapi | nafasi ya inchi 2.5 | nafasi ile ile | tundu la M.2 linalokubali NVMe |
| Ikitikiswa inapofanya kazi | huweza kufa papo hapo | haijali | haijali |
| Faili ulilofuta kwa bahati mbaya | mara nyingi hurudishika | mara nyingi limekwenda | mara nyingi limekwenda |

SATA na NVMe ni njia mbili za SSD kuzungumza na kompyuta, NVMe ikiwa ya kasi zaidi. Lakini namba za NVMe zisikutie wazimu. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Kichwa cha hadi diski lazima kitembee kulifuata kila moja, na kila safari hula milisekunde kumi hivi, kwa hiyo sekunde nzima haitoshi safari zaidi ya mia moja na kitu. SSD haina kichwa cha kutembeza. Ndiyo maana ukitoka hadi diski kwenda SSD yoyote, hata mtoto ataona tofauti. Ukitoka SATA kwenda NVMe, na kazi yako ni Word, Excel na kivinjari, itabidi ushike saa ndipo uione.

Kwa hiyo chaguo hili linafanywa zaidi na laptopu yako kuliko mfuko wako. Zile nene za zamani, zenye mlango wa DVD, nyingi hukubali inchi 2.5 tu, nunua SATA, maliza. Nyembamba za miaka ya karibuni zina M.2, na hapo ndipo watu hupoteza hela. M.2 ni umbo tu: kipande kinachofanana na kijiti bapa cha chingamu. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe. Chenye mikato miwili kwenye meno mara nyingi ni SATA, chenye mkato mmoja mara nyingi ni NVMe, lakini kuingia kwenye tundu si sawa na kufanya kazi. Soma namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, tafuta maelezo ya mtengenezaji, ndipo utoe pesa. Angalia na urefu pia: 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80, na laptopu nyingine zina nafasi ya 2242 au 2230 tu.

Hofu ya kwamba SSD "inaisha ukiandika sana" iweke pembeni. Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni diski ya bei ya chini, imeandikiwa na mtengenezaji uvumilivu wa kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na karani wa kawaida hafiki hapo, hiyo ni miaka kumi na ushei. Hofu iliyo na maana ni ya diski bandia zinazojitangaza TB 1 huku ndani kuna kidogo sana. Kabla hujaweka chochote, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux (mfumo wa bure mbadala wa Windows). Diski ya uongo hukubali kila unachoandika. Aibu yake huonekana unaposoma.

Na hadi diski ya kuzunguka? Kama chombo cha kuwashia kompyuta, sikushauri hata ukipewa bure. Kama ghala la picha na video linalokaa kabatini, bado iko vizuri. Na ile laptopu nene yenye DVD ina hila moja tamu: kuna kibweta cha kuingia mahali pa DVD, unaweka hadi diski ya zamani humo na SSD mahali pake, ukawa na zote mbili. Pima unene kwanza, maana kuna vya milimita 9.5 na vya 12.7.

Kukloni au kupiga upya

Sasa tuje kwenye lenyewe. Njia ni mbili. Kukloni ni kunakili diski nzima jinsi ilivyo, Windows, programu, nywila za kivinjari, hadi picha ya mjukuu kwenye skrini. Kupiga upya ni kuweka Windows mpya kwenye SSD, kisha kuiunganisha diski ya zamani kwa kasha la USB na kubeba mafaili yako tu.

Kukloni kuna raha yake: unafunga skrubu, unawasha, na kila kitu kiko pale ulipokiacha, ila sasa kinakimbia. Kwa ofisi ya wakala wa forodha hapa mpakani, mwenye programu ya hesabu aliyowekewa miaka iliyopita na mtu aliyekwisha hamia Juba, kukloni ndiyo njia ya pekee yenye akili. Ile programu hutaipata tena, wala namba yake ya leseni.

Ubaya wake ni kwamba unahama na kila kitu, taka ikiwemo. Virusi vinahama. Zile programu kumi na mbili zinazojiwasha zenyewe zinahama. Kama Windows ilikuwa imeharibika, sasa una Windows iliyoharibika yenye kasi.

Kupiga upya kunakupa nyumba iliyofagiliwa, lakini utakachosahau kimesahaulika. Watu hubeba Documents, Desktop na Pictures wakadhani wamemaliza. Nenda kwenye folda ya Users na ubebe folda yako yote, pamoja na zilizofichwa. Kisha fungua na folda ya Public iliyo jirani yake. QuickBooks ya kompyuta, usipoiambia vinginevyo, huweka mafaili ya kampuni ndani ya Public Documents. Nimeona mhasibu akivuja jasho saa nne za asubuhi, Windows mpya inameremeta mbele yake, na vitabu vya mwaka mzima vimebaki kwenye diski aliyotaka kumuuzia mpwa wake. Bahati yake alikuwa hajaiuza. Nywila za kivinjari nazo zisawazishe na akaunti yako kabla ya kuanza, si baada.

Windows yenyewe isikutie hofu. Leseni ya kidijitali ya Windows 10 na 11 hufungamana na ubao mama wa laptopu, si na diski. Ukipiga toleo lile lile, ruka panapoomba namba. Ikiingia mtandaoni itajitambua. Lakini Windows 10 ya kawaida ilimaliza muda wa matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane. Laptopu inayoweza kubeba Windows 11, na uko kwenye 10 iliyochoka, ipige upya; utakuwa umeua ndege wawili. Isiyoweza, fikiria Linux kama kazi yako ni kivinjari na LibreOffice (mbadala wa bure wa Word na Excel). Wateja wangu wachache wamekubali, na waliokubali hawajarudi kulalamika.

Kuna kufuli moja la kuangalia kabla ya njia yoyote: BitLocker. Laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua. Ukiichomoa na kuiunganisha kwa USB, itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza, na siku ya kwanza ilikuwa ya muuzaji, au ya shemeji. Utafute kabla hujashika bisibisi.

Upande wa vifaa vya kukloni: Samsung wana programu yao ya bure kwa anayenunua SSD yao, Crucial na WD wamekuwa wakitoa toleo la Acronis. Toleo la bure la Macrium Reflect, ambalo mafundi wengi tulilizoea, lilisitishwa mwanzoni mwa 2024. Clonezilla ni bure na ina nguvu, ila sura yake ni ya enzi za maandishi meupe kwenye skrini ya bluu, na kwa kawaida haikubali kunakili diski kubwa kwenda ndogo hata kama iliyo kubwa ni tupu nusu. Anayetoka hadi diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240 hukwama hapo. Ama ipunguze kwanza sehemu ya diski (partition), au tumia moja ya zile za watengenezaji, au nunua SSD ya ukubwa ule ule ulale usingizi. Mimi humwambia mteja anunue inayolingana.

Muda nao uhesabu. GB 200 kupitia USB 3.0, hadi diski ikisoma wastani wa MB 70 kwa sekunde, ni kama dakika 48. Kupitia USB 2.0, inayotoa MB 33 hivi, ni saa moja na dakika arobaini. Angalia rangi ya tundu: la 3.0 mara nyingi ni bluu. Na anayewaza kupandisha vyote Google Drive kisha avishushe, akumbuke kwamba nafasi ya bure ni GB 15, na kwamba hapa kwetu bando limebeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kebo ya USB haitozwi.

Nikiri na langu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilikuwa na diski mbili za kampuni moja, ukubwa mmoja, GB 500 zote. Programu iliniuliza ipi chanzo, ipi mwisho. Majina yalifanana hadi herufi ya mwisho. Nikabofya. Nilinakili diski tupu juu ya diski iliyojaa, na ilikwenda kwa kasi ya ajabu, kasi ambayo ingepaswa kunishtua. Mwenye diski alikuwa mama wa duka la nguo, ana picha za mazishi ya mumewe humo. Sitaeleza nilivyomwambia. Tangu siku hiyo, kabla ya kubofya, naandika kwa kalamu kwenye kiganja tarakimu nne za mwisho za namba ya utambulisho (serial) ya diski ya chanzo, kama ilivyo kwenye kibandiko chake, na nazilinganisha na zilizo kwenye skrini. Mteja akiniona na wino mkononi hudhani nimekwenda kupiga kura.

Diski ikiwa inaugua, usifanye lolote kati ya hayo

Hili ndilo swali la kwanza, ingawa nimelifikia sasa. Kabla ya kuchagua, fungua programu ya CrystalDiskInfo uitazame afya ya diski ya zamani. Rangi ya bluu, endelea. Ya njano au nyekundu, simama. Mistari ya kuangalia ni ya 05, C5 na C6. Wa 05 unahesabu sehemu zilizokwisha kufa zikabadilishwa na za akiba. C5 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua. C6 ni zilizoshindikana kabisa. C5 isiyo sifuri maana yake huenda kuna kitu chako ambacho saa hii hakisomeki.

Na sikio pia ni kipimo. Hadi diski inayotoa tik, tik, tik kama saa ya ukutani, kisha inanyamaza, kisha inaanza tena, izime. Kila dakika unayoiacha iwake, huenda kichwa kinakwaruza sahani za ndani.

Diski kama hiyo ukiikloni kwa programu ya kawaida, itafika kwenye sehemu mbovu, itarudia kusoma mara mia, itakufia mkononi. Ukiamua kubeba mafaili kwa mkono, Windows itaganda kwenye faili la kwanza baya. Njia ya tatu ni ddrescue, programu ya bure ya Linux, unayoiendesha kutoka kwenye flashi ya Ubuntu. Yenyewe hubeba kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, ikaruka pabaya, kisha hurudi kwenye pabaya mwishoni:

`ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img ramani.map`

Hapo `sdb` ndiyo diski inayougua, na picha inahifadhiwa kwenye diski nyingine kubwa. Hakikisha kwa macho yako ipi ni ipi kwa amri ya `lsblk`. Hilo faili la `ramani.map` ndilo ninalolipenda kuliko vyote. Huandika ilipofika. Umeme ukikatika, ukirudi unatoa amri ile ile na kazi inaendelea pale pale. Kloni ya kawaida ikikatika asilimia 63, unaanza na sifuri. Kwa nchi ambayo laptopu nyingi zinazoletwa kwa fundi betri zake zilikwisha kufa zamani, hiyo si tofauti ndogo. Hata kwa diski yenye afya, usianze kukloni kwa laptopu isiyo na betri wakati mawingu yanajikusanya kutoka upande wa ziwa.

Mwenyewe au fundi

Kama laptopu yako ina kifuniko kidogo cha diski chini, chenye skrubu mbili, fanya mwenyewe. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, weka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ya soda kwa mpangilio ulivyozitoa. Kama ni ya kufungua mgongo mzima, zile za vishikizo vya plastiki vinavyolia kama mifupa, mlipe fundi.

Kampala utapata mafundi na SSD nyingi kuliko popote nchini, hasa kwenye maduka ya maghorofa ya katikati ya mji. Lakini ni kilomita zipatazo 200 kutoka hapa, na hadi diski inayougua haipendi safari ya basi na bodaboda. Ukienda, basi ibebe imezimwa kabisa, si imefunikwa tu. Laptopu iliyofunikwa mara nyingine huamka ndani ya begi, na hapo sahani zinazunguka huku barabara inazipiga.

Kwa fundi yeyote, wa mjini au wa mtaani, nikiwemo mimi, shika mambo haya. Kaa naye anapobainisha chanzo na mwisho. Ondoka na diski yako ya zamani hata kama imekufa. Na kama humo kuna taarifa za watu wengine, wanachama wa chama cha akiba, wagonjwa, wanafunzi, jua kwamba sheria ya Uganda ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019 inakuhesabu wewe kuwa mlinzi wake, hata baada ya kumpa fundi.

Diski ya Mwalimu ilikuwa ya njano. C5 ilisoma 24. Kwa hiyo hatukukloni. Tuliiweka kwenye ddrescue saa tisa alasiri, umeme ukakatika saa kumi na moja, ukarudi saa mbili usiku, tukaendelea. Asubuhi ilibaki mikwaruzo ya kilobaiti chache isiyosomeka, na haikugusa folda yake. Nikampigia Windows 11 upya kwenye SSD ya SATA ya GB 480, nikamrudishia folda yake yote pamoja na Public, nikamketisha.

Hakutazama kasi. Alifungua lile faili la alama, akateremka hadi safu ya mwisho, akaanza kuhesabu wanafunzi kwa kidole kwenye kioo, akinong'ona. Alipofika mwisho akarudia kuhesabu. Ndipo akauliza ni pesa ngapi.

Diski ya zamani aliondoka nayo kwenye bahasha ya kaki. Juu yake nilimwandikia tarehe na maneno haya: "Usifute, usimpe mtu, hadi muhula uishe."